Bualai Phromkot na Nyumba ya Kalasin

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kaldavík, mtawa wa Kibudha uliyesafiri kutoka mji mkuu na mchungaji uliyetuazima kanisa, mimi ni Genowefa Kulesza, mkwe wa marehemu, mwanangu Witek ndiye aliyemwoa Sólrún, binti yake wa pekee, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu Sólrún amesema sauti haitamtoka, na Witek hata siku za kawaida haimtoki. Nimesoma shule ya msingi tu kule Poland, kwa hiyo atakayesikia kosa alimeze. Najua pia kwamba tangu marehemu afariki hakuna mazungumzo mengine dukani, ni kuulizana tu kama majivu yake yatapelekwa Thailand au yatazikwa hapa, na wapo waliofika leo kusikia hilo kuliko kumlilia, basi kaeni vizuri, nitalisema mahali pake, kwanza tumfuate alikotoka.

Marehemu Bualai Phromkot alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, siku ambayo kwao watu humwagiana maji barabarani kuukaribisha mwaka, katika kijiji cha Ban Nong Khaen, mkoa wa Kalasin, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mkulima wa mpunga. Alisoma hadi darasa la nne, ambalo kwa mtoto wa mkulima wakati ule ndilo lililokuwa mwisho wa shule, akatolewa kwenda kupandikiza mpunga na kuvua vidagaa vya bwawani, ambavyo kwao huvikatakata vibichi wakavila kwa ndimu na pilipili, na chakula hicho mkikumbuke, tutakirudia. Mwaka 1979 alikwenda Bangkok kushona kola za mashati kiwandani, akazishona miaka kumi, na kila mwezi sehemu kubwa ya mshahara ilirudi kijijini kwa mama yake, kwa sababu kwao binti ndiye nguzo ya nyumba, na nguzo haiulizwi kama imechoka.

Tarehe 3 Novemba 1989 alifika nchi hii ya Aislandi kwa mwaliko wa binamu yake aliyekuwa ameolewa huku, na tarehe 16 Desemba alifunga ndoa na marehemu Ásgeir Þorkelsson, fundi wa injini za boti, mgane mwenye watoto wawili wakubwa. Kijiji kilisema amechaguliwa kwenye orodha, naye alipokijua Kiaislandi vya kutosha kuelewa alichokuwa anasemwa alijibu pale pale kwenye foleni ya posta, "Kama ilikuwa orodha basi mimi ndiye niliyechagua, na nilipunjwa, kwenye picha alikuwa na nywele." Ásgeir alicheka kuliko wote, na ninamshukuru kwa hilo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kunyamaza tu, na mwanamke aliyetoka kwenye nyumba ya watu wanane anaweza kufa kwa ukimya kabla hajafa kwa baridi.

Januari 1990 alianza kazi katika kiwanda chetu cha samaki, mimi nikafika Septemba 1992 pamoja na Wapolandi wenzangu kumi na mmoja, na hapo ndipo tulipokutana, kwenye meza ya taa, yaani ile meza ya kioo yenye mwanga chini yake, ambayo unalaza mnofu wa chewa juu, ukaona mifupa na minyoo, ukaitoa kwa ncha ya kisu. Wanawake wa Kithai waliwekwa kwenye visu kwa kuwa eti wana mikono midogo, sisi Wapolandi tukawekwa kwenye mashine na chumba cha barafu kwa kuwa eti tuna mifupa mizito, na mimi nililetwa mezani siku ile kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa mgonjwa, nikakata vibaya, Bualai akanitazama mikono, akasema kwa Kiaislandi chake cha wakati ule, "Shoga, huyo ameshakufa, huna haja ya kumuua tena." Tulianza hivyo.

Watu wa kutoka nje hutuona sote kama wageni wa kiwanda, lakini ugeni wetu haukuwa mmoja, na leo nitausema kwa sababu yeye mwenyewe aliupima kila siku akiwa anakunywa chai. Kibali chetu sisi kilikaa mfukoni mwa meneja, chao kikakaa mfukoni mwa mume, kwa hiyo sisi tulimwogopa mtu mmoja saa za kazi, wao walimwogopa mtu mmoja saa zote. Sisi tulikuwa wengi, tulikaa bwenini pamoja, tukapika kabichi pamoja, tukagombana pamoja, na wingi ule ulitulemaza ulimi, mimi mwenyewe miaka kumi ya kwanza nilijua kusema samaki, baridi na hapana, lakini wao walikuwa wachache, kila mmoja kwenye nyumba yake na mzee wake, wakajifunza lugha kwa lazima, wakawa wanaelewa kila neno walilosemwa, sijui ipi ni afadhali. Msimamizi alipotakiwa, alichukuliwa mwanamume wa Kipolandi asiyejua kuongea, na Bualai aliyeijua kazi yote na lugha yote akawa mkalimani wake bila cheo, na nilipomwambia akalalamike alisema, "Nilalamike kwa nani, shoga, wakati mimi ndiye nitakayeitwa kutafsiri?" Na mwaka 2006 sisi Wapolandi tulipofunguliwa mlango wa kufanya kazi popote bila kibali, wenzetu walibaki kwenye foleni yao ile ile.

Marehemu alijaliwa kupata mtoto mmoja, Sólrún, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1991 katika hospitali ya Ísafjörður wakati barabara imefungwa kwa theluji. Mwanangu Witek aliletwa kwangu mwaka 1996, akiwa na miaka minane, baba yake akiwa amezikwa mwaka mmoja kabla kule kwetu Łomża, na watoto hawa wawili walikua katika shule moja, wakafundishwa na walimu wale wale, na wote walisimama kwenye meza ya taa kila kiangazi, lakini walipoanza kutafuta kazi ya maana kila mmoja aligonga ukuta wake. Binti alibeba jina la baba yake wa Kiaislandi, akituma barua anaitwa upesi, akifika wanamwangalia uso, wanamwuliza kama amekuja kufanya usafi, lakini mwanangu ana uso wa hapa hapa, angekaa kwenye kiti cha meneja asingeulizwa na mtu, ila jina Kulesza lilikuwa linazuiwa mlangoni kabla uso haujafika. Walipooana tarehe 8 Juni 2013, marehemu alisimama na glasi yake akasema mbele ya wageni, "Sasa mambo yamenyooka, Sólrún atapeleka jina, Witek atapeleka uso, na kazi wataipata moja," na wageni wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Ásgeir alifariki tarehe 11 Machi 2004, akazikwa kando ya mke wake wa kwanza, kwenye jiwe la majina mawili ambalo lilikuwa limechongwa tangu zamani, na nafasi ya tatu haikuwepo. Nyumba yake iligawanywa na watoto wake wakubwa, ilikuwa haki yao kisheria, wapo hapa na hawajaja kwa ubaya. Bualai alipata fungu lake, na wakati ule ile nyumba ndogo ya mabati kando ya kijito ilikuwa inauzwa, nyumba katika vijiji hivi zilikuwa hazina mnunuzi, angeweza kuichukua, Sólrún akiwa na miaka kumi na mitatu alimwomba, alishachagua hata chumba. Mama akasema ya nini nyumba huku, mwakani tunarudi kwetu, akajenga Kalasin.

Nani amcheke, maana kila mmoja wetu alikuwa anarudi mwakani. Mimi nilijenga Łomża, ghorofa na balkoni mbili, nimelala humo likizo tu, na kuku wa jirani ndio wanaoifaidi. Yeye alijenga nyumba ya vigae vya bluu, milango ya kuchonga, sakafu inayong'aa, mama yake akaifurahia miaka mitatu akafa, na tangu hapo ndugu yake Khamsing anaweka humo magunia ya mpunga na pikipiki. Sisi wote wawili, Mthai na Mpolandi, tofauti zetu zote zikiisha tulikutana kwenye ujinga huu mmoja, tukaishi pua na mdomo katika fleti za kampuni zenye ukungu ukutani, ukuta mmoja kati yetu, kila mtu na picha ya nyumba yake juu ya televisheni. Watoto wa wenyeji wakaoa na kuolewa wakirithi paa, wetu wakarithi picha ya paa.

Mwaka 2015 haki za kuvua ziliuzwa kwenye mji mwingine, kiwanda kikafungwa, fleti zikauzwa zikawa za watalii. Wapolandi waliondoka majira yale yale, wengine Norway, wengine mji mkuu, kwa kuwa paspoti ilikuwa inawaruhusu, na wanawake wa Kithai wakabaki, kwa kuwa waume zao walikuwa makaburini hapa na watoto wao hawakujua kwingine, wakawa wapishi na wafagiaji wa zile fleti walizokuwa wanaishi. Bualai alibadilisha mashuka kwenye chumba alicholala miaka kumi na moja, akaniambia, "Mkwe, ukungu bado upo, wameupaka rangi nyeupe wanauita mandhari." Yeye na mimi tukahamia kwa watoto, nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, Sólrún akifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha wale wale waliowahi kumwuliza kama amekuja kufanya usafi, na Witek akiwa fundi umeme kwenye vizimba vya samaki, na hadi leo benki inawaambia waje na mzazi mwenye nyumba.

Ugonjwa ulianza Mei mwaka jana, macho yakawa ya manjano, mwili ukaanza kumwasha, akapelekwa mji mkuu, ikaonekana ni saratani ya mirija ya nyongo. Daktari alimwuliza kama utotoni alikula samaki wa maji baridi wakiwa wabichi, akasema ndiyo, nani hakula, na daktari akaeleza kwamba katika samaki wale huwa mna mnyoo mdogo, huingia kwenye ini ukakaa kimya miaka na miaka, na kazi yake huonekana mtu akishakuwa bibi. Sólrún alilia. Bualai alikaa, akatazama mikono yake, akasema, "Miaka ishirini na mitano nimewatoa kwenye samaki wa watu, na mmoja alikuwa ananitazama kwa ndani." Hakulitaja tena jambo hilo, ila hakula tena samaki.

Sasa nakuja kwenye lile mnalolingoja. Desemba ndugu yake Khamsing alipiga simu, akasema kila kitu kimeandaliwa, siku ikifika majivu yaletwe, nyumba inamsubiri mwenyewe, kijiji kitasema nini mwenye nyumba akilala ugenini, na Sólrún akawa hana usingizi, maana kumnyima mjomba ni aibu na kumpeleka mama ni kumpoteza, nauli ya kumtembelea haipo. Mtawa alishauri, kwa nia njema, kwamba yawezekana kugawanya, sehemu iende, sehemu ibaki, watu wengi hufanya hivyo. Bualai alikuwa kitandani akisikia yote, akamwita binti yake, nami nilikuwepo nikimpaka mafuta miguu, akasema, "Nyumba ile niliijenga majirani waione, wameiona, imetosha, mpe mjomba wako ufunguo na pikipiki yake, mimi nimegawanywa tangu nilipopanda ndege, na mkinigawa tena nikiwa majivu nitarudi niwakere." Kisha akasema anataka kiwanja juu kule kwenye makaburi yetu, upande wa kijito, kwa kuwa hicho ndicho kipande pekee cha nchi hii ambacho mtu hupewa bila kuulizwa benki. Basi mmesikia. Anabaki.

Marehemu alifariki tarehe 9 Februari mwaka huu, alfajiri, mkono wake ukiwa kwa Sólrún, ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu wa kike aitwaye Hanna mwenye miaka saba, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule daktari kijana aliyeketi kitandani badala ya kuongea akiwa mlangoni. Tunamshukuru jirani yetu Guðný aliyepiga koleo la theluji mlangoni petu kila asubuhi bila kutaka kukaribishwa kahawa, na wanawake wa Kithai waliopika wali wa kunata jana na leo, na wenzetu wa kiwandani waliotoka mbali. Meneja wetu wa zamani ametuma ua, tunalishukuru ua.

Jambo la mwisho halijaandikwa na familia, nimeliandika mimi. Kila tarehe mosi Novemba, siku tunayowasha mishumaa makaburini, marehemu alipanda nami kilimani, mimi na taa zangu, yeye na kahawa ya kumwekea Ásgeir kaburini, kwa kuwa Wapolandi hatuna kaburi hata moja hapa, sote husafirishwa, na mimi jina langu limeshachongwa Łomża kwenye jiwe la mume wangu, mwaka wa kuzaliwa na kistari, imebaki tarehe tu. Nilipomwonyesha picha ya jiwe hilo aliniambia, "Mkwe, wewe ulishakufa, wamechelewa tu kukuarifu." Basi juzi nilikwenda kwa mtunza makaburi nikamwambia kiwanja cha kando yake aniwekee mimi, na kistari cha Łomża kingoje hivyo hivyo. Witek, usinikodolee macho, utazungumza nyumbani.

Bualai, ulihama mara nyingi ukiaga kwamba mwakani unarudi. Safari hii usifunge mzigo. Pumzika kwa amani, mkwe wangu, taa nitaiwasha, na ukuta ni mmoja kama zamani.