Zambarau ya Mama Spana

Wasikilizaji wapendwa, mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, mwenye gari na aendeshe taratibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeambiwa kwamba fundi wa injini hawezi kuongoza meli. Akaiongoza. Nasema tena, akaiongoza. Mabaharia walimwita Mama Spana, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Ametutoka Ijumaa, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Tuanzie nyumbani. Akiwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya mama yake, skrubu moja moja, akazipanga sakafuni. Mama akarudi, akapiga kelele, mtaa mzima ukajua. Binti akaiunganisha tena. Skrubu moja ikabaki, na cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo. Cherehani ile ile ndiyo inayomlisha mdogo wake mpaka leo. Huyu mdogo wake ni mshonaji, ana kibanda karibu na lango la jeshi la majini, anashona sare za maofisa.

Sasa tegeni masikio. Enzi zile ofisa wa majini alichagua njia moja tangu siku ya kwanza: usukani au injini. Wa usukani akipanda vyeo, mwisho wake anakabidhiwa meli. Wa injini, apande asipande, anabaki chini na mafundi wake. Tena alishonewa alama: kitambaa cha zambarau kati ya mistari ya dhahabu kwenye mkono wa koti. Mama Spana alichagua injini kwa kuwa alizipenda, akakaa nazo miaka kumi na sita. Lakini alitaka kuongoza meli. Na hakuna ofisa wa injini aliyewahi kuongoza meli. Hakuna hata mmoja.

Akaomba kuhama njia, bodi ya vyeo ya jeshi ikamkatalia. Mwaka uliofuata akaomba tena, ikamkatalia tena. Mwanamke yule alikuwa king'ang'anizi! Mwaka wa tatu wakaona wamkomoe. Wakamwambia haya, njoo, ila utashuka vyeo viwili, utakaa darasani na watoto wa miaka ishirini na mbili, na hiyo zambarau utaivua. Ukifeli mtihani, jeshi basi, unakwenda nyumbani. Mimi ningeshukuru nikaondoka zangu, siwadanganyi. Yeye akatia saini.

Koti akalipeleka kibandani kwa mdogo wake. "Niliifumua zambarau uzi mmoja mmoja," mshonaji ananiambia. "Nilidhani dada atalia. Akaniambia, usiitupe hiyo, itarudi."

Mtihani wa mwisho ulikuwa kuileta meli gatini. Upepo unasukuma, wakaguzi watatu wamesimama nyuma yake na kalamu zao. Mama Spana akavua viatu. Ndiyo, viatu! Mkaguzi mkuu akamkaripia, akataka kujua anafanya nini.

"Nasikiliza, afande."

Kwa nyayo zake alihisi injini ya kushoto inachelewa, kabla mishale ya vipimo haijasema lolote. Akaagiza ya kulia ipunguzwe, akasubiri, akageuza usukani kidogo. Meli ikagusa gati na chai ya mkaguzi haikumwagika. Basi wakaandika amefaulu, wangeandika nini tena?

Miaka sita baadaye alikabidhiwa meli. Alikabidhiwa meli, wapendwa! Filimbi ikapigwa akipanda ngazi, na mafundi wa injini wakatoka kule chini na ovaroli zao zenye mafuta, wakajipanga bila kuitwa. Akasimama mbele yao, akakunja mkono wa koti. Ndani, kwenye bitana, mdogo wake alikuwa ameishona zambarau ile ile. Fundi mmoja, sasa mstaafu, anasema walishangilia mpaka sauti zikakauka. "Siku ile sote tulipanda cheo," ananiambia.

Baada ya yeye kustaafu, kanuni ikabadilishwa. Leo ofisa wa injini anahamia usukani na cheo chake na zambarau yake. Kumi na mmoja wameshaongoza meli. Kumi na mmoja!

Jana jeshi lilimletea mshonaji koti la dada yake alipige pasi, litandazwe juu ya jeneza. Nilikuwepo kibandani. Alifumua bitana, akaitoa zambarau, akaishona nje, mahali pake. Alipokuja ofisa kulichukua, nahodha wa kike, mzee mshonaji akamwambia anajua marehemu hakuwahi kulivaa hivi, kama ni kosa aambiwe sasa hivi. Yule binti alisogea karibu. Aliuweka mkono wake sambamba na mkono wa koti. Naye alikuwa na zambarau.

"Si kosa, mzee wangu," akasema. "Twende naye hivi hivi."

Kwa mdogo wake, kwa wanawe wawili, na kwa mafundi wote wa injini: poleni sana. Tunalia nanyi, na tunamjivunia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, hebu jiulize: ni nani hapo kazini kwako uliyemwambia mwisho wake ni huko chini? Kama yupo, mwite kesho asubuhi.