Mama Mbelu Mianda, Mkunga wa Sauti ya Chini

Tarehe 3 Novemba 1936, mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, dada yangu mkubwa Mbelu Mianda alizaliwa Mwene-Ditu. Mwaka 1946 baba yetu, Tata Muamba, alituleta Kolwezi, kwenye kazi ya migodi. Dada alisoma kwa masista, akaolewa na Tata Tshilombo mwaka 1955, wakakaa mtaa wa Musonoi.

Uchungu wa mimba ya kwanza ulichukua siku mbili. Kwa desturi yetu sisi watu wa Kasai, mwanamke akishindwa kujifungua huambiwa ataje mwanaume aliyetembea naye nje ya ndoa. Dada hakuwa naye. Wamama waliokuwa wakimzalisha walifunga mlango, wakamwambia hatasaidiwa mpaka ataje. Alipochoka, akamtaja jirani, Mukalay, fundi wa baiskeli, ambaye hakuwahi hata kumshika mkono. Mtoto akatoka papo hapo, kwa hiyo hakuna aliyemwamini tena alipokana. Mukalay alifukuzwa, akahamia mji wa Mutshatsha. Tata Tshilombo alimsamehe dada kosa ambalo hakulitenda, naye akaishi ndani ya msamaha huo miaka ishirini.

Alisomea ukunga, akaajiriwa hospitali ya Dilala. Mwaka 1974 daktari mmoja mgeni alimfundisha hypnose: kumtuliza mzazi kwa sauti, pole pole, hadi uchungu usogee mbali naye, huku akisikia kila kitu.

Agosti 1976 alikuwa akimzalisha Kanku, msichana mwenye mimba ya kwanza. Mama mkwe wa Kanku, Mama Mbayo, alisimama mlangoni.

“Ataje jina! Mutoto anakatala kutoka juu ya ule mwanaume!”

“Mama, ngoja kidogo,” dada alisema, kisha akamgeukia mzazi kwa ile sauti ya pole pole. “Kanku, uko wapi sasa?”

“Niko mu shamba ya mama yangu.”

“Na nani?” Mama Mbayo alidakia.

“Hakuna mutu, mama. Kuko tu mihogo.”

Hata Mama Mbayo alicheka. Mtoto alizaliwa mzima, bila jina la mwanaume yeyote kutajwa.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 1985. Alifariki tarehe 12 Juni 1987, asubuhi ya baridi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake. Ameacha mume, watoto watano, wajukuu tisa, na mimi mdogo wake, Badibanga.

Neno la mwisho nalisoma kwa ruhusa ya Tata Tshilombo. Jioni ile ya Kanku, dada alimwambia: “Hakutaja mutu, na mutoto ametoka. Na mi sikukuwa na mutu.” Tata akauliza treni ya Mutshatsha inaondoka saa ngapi.

Kesho yake asubuhi dada alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda treni pamoja na mume wake, na mbele ya wateja wote wa Mukalay akasema kwa sauti kubwa kwamba alimsingizia. Tata Mukalay amekaa hapa leo, kati ya wafiwa.

Alale sasa, asiulizwe neno tena.