Mzee Suhail na Nchi Isiyo na Ubalozi

Ndugu waombolezaji, marehemu Mzee Suhail Idarous alizaliwa tarehe 4 Machi 1937, Chumbageni, Tanga, akasoma hukohuko, na Septemba 1957 akaja Birmingham kusomea ufundi umeme. Ni katika chumba cha kupanga, Balsall Heath, alipoanza kuandika vijitabu vyake, akidai Afrika nzima iwe nchi moja yenye uraia mmoja, akavigawa kwa mkono Coventry Road huku mvua inamnyeshea, na wengi wetu tuliovipokea, tusidanganyane, tulifungia sambusa.

Uhuru ulipokuja nyumbani alikataa pasipoti, akisema hawezi kupewa chumba akasahau nyumba, na tangu hapo kila fomu iliyouliza uraia aliijaza Afrika. Alifanya kazi kiwanda cha magari kuanzia 1961 hadi alipostaafu 1992, akamwoa Bi Rehana tarehe 11 Julai 1970, wakajaliwa binti mmoja, Asmahan, aliyebaki kumtunza baada ya mama yake kutangulia mbele ya haki mwaka 2011. Kwa kukosa pasipoti Mzee hakumzika hata mama yake mzazi, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Novemba 2023 figo zilianza kushindwa, naye akaacha wosia wa mstari mmoja, azikwe Afrika. Asmahan alipiga simu balozi tatu, zote zikamuuliza nchi gani, akarudi wodini na fomu, akamwomba huku analia, “Dad, please, taja moja tu, niisaini leo.” Mzee akajibu, “Nikitaja moja, mwanangu, nitakuwa nimezikana zile nyingine,” akageukia ukutani.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi. Asmahan akaandika Tanzania kwa mkono wake, akijiona msaliti, lakini ubalozi ulitaka uthibitisho, na nyumba nzima haikuwa na karatasi ya maana ila vile vijitabu. Siku tano mwili umekaa kwenye jokofu, jambo ambalo dini yetu hailipendi, kwa hiyo tunamzika leo, hapahapa Birmingham.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Small Heath, na Mzee Kewal, mwenzake wa kiwandani, ambaye hakukosa kumtembelea hata Jumapili moja. Asmahan ameomba baba yake aambiwe mbele yenu kwamba alijaribu kila mlango. Pumzika kwa amani, Mzee Suhail, na utusamehe, tumeshindwa kukufikisha.