Fundi Koki, Aliyepandisha Maji Mlimani

Wizara imekwisha kutamka, kwa maandishi na mhuri, kwamba fedha za umma zilizotumika kuleta maji mtaani kwetu hazikupunguza umaskini kwa kiwango kinachopimika. Marehemu, aliyelaza mabomba ya maji hayo kwa mikono yake, aliisoma ripoti mara mbili, akaikunja vizuri, akaenda kukaza koki.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa mchonga mawe. Alisoma hadi darasa la nane. Dada yake mkubwa hakusoma. Alikuwa mtoni na ndoo, na marehemu hakusahau shule yake ilibebwa kichwani na nani.

Mwaka 1972 aliajiriwa idara ya maji, akichimba mitaro. Mwaka 1976 alimwoa mshona nguo, ambaye mashoga zake walipomcheka kwa kuolewa na mchimba mitaro aliwajibu: "Chekeni tu. Hanukii, lakini akisema atarudi saa kumi, saa kumi yuko mlangoni."

Bomba lilifika mtaani mwaka 2009. Siku hiyo dada yake aliweka kiti mbele ya koki.

"Dada, unangoja nini?"

"Singoji kitu. Natazama ndoo inavyojaa bila mimi."

Kuanzia hapo wanawake wakapata asubuhi za kufanyia kazi, na wasichana za kwendea shule.

Mei 2019 wapimaji wa umaskini walikuja saa nne asubuhi, wakahoji waliowakuta nyumbani, na baadaye wakapendekeza mradi wa maji ufungwe. Siku ile marehemu, wakati huo mstaafu, aliwafuata hadi kwenye gari.

"Wanangu, mmehoji wagonjwa na walevi. Wengine wako kazini."

"Mzee, fomu inataka aliyepo nyumbani."

"Basi rudini jioni."

"Jioni hatulipwi, mzee."

Aliiandikia wizara barua kumi na moja. Ya mwisho alimtamkia mjukuu aiandike, kwani moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Hatimaye pampu inayopandisha maji mlimani iliongezewa miaka miwili, "ili kuchunguza sababu za wananchi kutopatikana majumbani." Alicheka mpaka daktari akamkanya. Alifariki tarehe 9 Septemba 2020, saa tatu asubuhi, maji yakitoka.

Ameacha mjane, dada yake, mabinti wawili, mmoja mwalimu na mwingine muuguzi, pamoja na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko alilolichelewesha.

Tunawaomba radhi mliotoka mbali. Mazishi yamesogezwa hadi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa kabla ya hapo mtaa mzima uko kazini na shuleni.