Makofi Ambayo Hayakupigwa

Wazee wetu, wazazi, majirani, na ninyi wa ofisini mliokuja moja kwa moja mkiwa bado na vitambulisho shingoni, familia imempa mjukuu wa kwanza wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha yake, na mjukuu huyo anaomba mumvumilie akisoma mbiombio, kwa sababu mtoto wake wa miezi minne yuko mikononi mwa shangazi na atalia wakati wowote, na kwa sababu mume wake, yule askari aliyekaa mstari wa mbele, amepewa ruhusa ya siku tatu tu, na Jumanne ijayo Bunge litaamua kama kikosi chake kivuke mpaka au kibaki, na katika jambo hilo marehemu ana mkono wake kuliko mtu yeyote aliyeko hapa, kama mtakavyosikia.

Marehemu bibi yetu, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina la Mama Mabano, alizaliwa tarehe 21 Julai 1945, katika nyumba namba saba ya wafanyakazi wa reli, chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama njia za treni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa breki na mkewe mshonaji, wa kwanza akiwa kaka yake aliyemzidi miaka mitatu, mwembamba na mrefu mpaka watu wakamwita Mlingoti, na hao wawili walipendana hivi kwamba akipigwa mmoja, analia mwingine.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1953 katika shule iliyokuwa nyuma ya stesheni, na hapo ndipo alipojifunza kitu kilichomlisha maisha yake yote, maana kila saa sita mchana treni ilipita ikiunguruma, wenzake wakaweka kalamu chini kwa sababu hawamsikii mwalimu, yeye akaendelea kuandika imla, anasoma midomo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1960 na sekondari mwaka 1964, kisha akaingia chuo cha uhazili, akatoka Novemba 1966 akiwa na cheti cha hati mkato, maneno mia na arobaini kwa dakika, na mkuu wa chuo aliandika pembeni kwa mkono wake kwamba huyu binti haongezi neno wala hapunguzi.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa Bungeni, kitengo cha taarifa rasmi, ambacho kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa ukumbini, na kwa wasioijua kazi hiyo, waandishi huingia kwa zamu za dakika kumi kumi, wanakaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika, kisha wanatoka mbio kwenda kupiga chapa walichoandika, na kisichosemwa kwa maneno huwekwa ndani ya mabano, watu wakicheka unaandika kicheko, wakipiga makofi unaandika makofi, na kutoka hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Mabano. Sasa kitengo kilikuwa na mazoea yake, mkuu wao wa wakati huo, mzee mpole mwenye kuogopa simu, aliwafundisha wageni wote kwamba Waziri akimaliza hotuba unaweka makofi na kufunga mabano, hata ukumbi ukiwa umelala, maana Waziri asipoyakuta makofi yake kwenye taarifa atapiga simu kabla ya chakula cha mchana.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Februari 1969 na dereva wa malori ya jeshi, marehemu babu yetu, ambaye sote tulimwita Sajini mpaka anaingia kaburini mwaka 2014, na Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa 1970, ambaye ni mama wa anayewasomea, mtoto wa kiume mwaka 1973, na kitinda mimba mwaka 1977, wakapata wajukuu saba na kitukuu mmoja, huyo huyo anayesubiriwa kulia.

Jumanne tarehe 11 Juni 1974 marehemu alikuwa zamu pale Waziri aliposimama na kuliarifu Bunge kwamba askari wetu mia mbili walikwisha kuondoka siku mbili nyuma, kwenda kusaidia vita vya watu wengine, na hakuomba ruhusa, aliarifu, akakaa. Marehemu alitoka mbio na daftari lake, akapiga chapa, akafika mwisho wa hotuba, mkono ukafanya ulivyozoea, ukaweka makofi, ukafunga mabano, na jioni alipofika nyumbani akamkuta mama yake amekaa na barua fupi ya Mlingoti, aliyekuwa askari, kwamba wameondoka, kwamba amepewa buti mpya, kwamba zinambana kidogo lakini zitaachia.

Mlingoti aliuawa tarehe 30 Agosti mwaka ule ule. Mama yao hakupiga kelele, alimuuliza binti yake jambo moja tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwa wakubwa, nani alimtuma mwanangu, na marehemu akaahidi atatafuta, akashuka kwenye chumba cha kumbukumbu, akapekua kabati hadi kabati, hakuna kura, hakuna mjadala, hakuna jina la mtu aliyesema ndiyo, kuna ukurasa mmoja tu wa tarehe 11 Juni, na chini ya ukurasa huo kuna neno moja ndani ya mabano, na neno hilo alikuwa ameliandika yeye. Na yeye ndiye aliyekuwa pale, yeye msoma midomo, alijua vizuri kabisa kwamba siku ile hakuna aliyepiga makofi, wabunge walikuwa wametazama meza zao. Mama yake alifariki mwaka 1981 bila kupewa jibu.

Hapo ndipo nyumbani ilipoingia kanuni ambayo sisi wote tumekua nayo, kwamba hatumwi mtu popote mpaka ipigwe kura kwa majina, na anayetumwa naye anapiga, awe anakwenda shule ya bweni au anakwenda dukani mvua ikinyesha, unasimama, unataja jina lako, unasema ndiyo au hapana, na Sajini alikuwa akilalamika kila siku kwamba yeye ameongoza msafara wa malori arobaini kwenye matope bila kura, leo ndani ya nyumba yake anashindwa kumtuma mtoto chumvi. Walibishana miaka yote ya ndoa yao, mezani, bustanini, kwenye foleni ya zahanati, na walibishana kwa raha, wakiitana Mheshimiwa. Sajini alishika lake, kwamba mambo ya jeshi ni ya haraka na ya siri, ukiyapeleka Bungeni umeyapeleka gazetini.

"Adui hangoji akidi, Mheshimiwa," alikuwa akimwambia, yaani adui hasubiri wabunge watimie.

Na marehemu, bila kuinua macho kwenye sufuria, "Na mama wa askari hangoji kuarifiwa, anangoja kuulizwa."

Mwaka 1993 nchi jirani iliomba askari, na Kamati ya Ulinzi ikakaa kuzungumza kama ni lazima Bunge liulizwe, na Jumanne tarehe 19 Oktoba marehemu alikuwa mezani akiandika, wajumbe wengine wakisema sisi hatufungamani na upande wowote, kwa hiyo hatutoki, wengine wakisema kutofungamana si kujifungia ndani wakati nyumba ya pili inaungua, mpaka mwanasheria wa wizara akasimama akasema hoja imekwisha, Bunge hili lilikwisha kukubali siku nyingi, akafungua kitabu, akausoma ukurasa wa tarehe 11 Juni 1974, akalifikia neno la ndani ya mabano, akasema, makofi, Waheshimiwa, hiyo ni ridhaa. Marehemu aliweka kalamu chini, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita, akasimama, na mtumishi wa meza ile haruhusiwi hata kukohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, makofi hayo niliyaandika mimi. Hayakupigwa. Walikuwa kimya."

Mwenyekiti alimuuliza maneno hayo ataandika nani ikiwa mwandishi ndiye anayesema, na marehemu akamjibu kwamba ataandika mwenyewe, na safari hii yatakuwa kama yalivyokuwa. Tarehe 25 Oktoba alipewa barua ya onyo ya mistari mitatu, akaitia kwenye fremu, akaitundika karibu na picha ya harusi, na Sajini, ambaye hakukubaliana naye hata nukta moja, ndiye aliyekuwa akikipangusa kioo chake kila Jumamosi. Tarehe 2 Desemba 1993 sheria ilipita, kwamba askari wetu hawavuki mpaka kwa uamuzi wa baraza la mawaziri peke yake, lazima na Bunge lipige kura, na si kwa kelele za ndiyooo, kila mbunge asimame, ataje jina lake, aseme, na kule kitengoni mpaka leo wanakiita kifungu cha Mama Mabano. Alistaafu tarehe 31 Julai 2005 baada ya kufundisha waandishi zaidi ya hamsini, mmoja wao leo ni Katibu wa Bunge, na la kwanza alilowafundisha ni kutoandika makofi yasiyosikika.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, lakini alikuwa akitembea, akipika, akisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu, mpaka Januari mwaka huu wa 2023, ulipoletwa muswada wa kukiondoa kifungu kile, kwamba askari wasiozidi mia tatu watumwe na mawaziri peke yao, na Bunge liarifiwe baada ya siku thelathini, na wiki hiyo hiyo jina la mume wa mjukuu wake likatoka kwenye orodha ya wanaokwenda kulinda daraja ng'ambo ya mpaka, kati ya pande mbili zinazopigana, ambazo wote wanasema ni rafiki zetu. Tarehe 19 Januari mjukuu alikwenda kwa bibi yake na mtoto mgongoni, akamwomba, na hapa anasoma jinsi ilivyokuwa kwa kuwa marehemu hakupenda jambo lirukwe, alimwomba ampigie simu huyo Katibu aliyemfundisha, amtoe mume wake kwenye ile orodha, simu moja tu, nani atajua.

"Nikimtoa mumeo, ataingia mume wa mwenzio," marehemu alimwambia, "na huyo mwenzio hana bibi Bungeni."

Mjukuu aliondoka bila kumaliza chai, akakaa siku tisa hajakanyaga, na siku ya kumi simu ikalia, bibi hakutaja ugomvi wala hakuomba radhi, alisema anahitaji mtu wa kusukuma kiti cha magurudumu, maana moyo haumruhusu tena kutembea mbali na anakwenda kwenye kamati, na huyo mtu awe na mikono yenye nguvu, kwa sababu lile jengo lina ngazi nyingi na hasira husaidia. Jumanne tarehe 14 Februari walikwenda, mjukuu anasukuma, mtoto amelala mapajani mwa bibi, na marehemu akazungumza dakika nne, ukurasa wa 1974 mkononi, akaeleza habari za Mlingoti na buti zake, na mbunge mmoja kijana akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama bibi anataka askari wasiende.

"Sijasema wasiende, mwanangu. Nimesema waulizwe, na anayewatuma asimame tumwone."

Alilazwa tarehe 20 Februari, wodi ya pili, kitanda namba kumi na mbili. Alhamisi tarehe 2 Machi kamati ilikataa kuondoa kifungu, mjukuu akakimbia na habari mpaka wodini, marehemu akauliza ni wangapi kwa wangapi, akaambiwa kumi na mmoja kwa tisa, akauliza kama ni kwa majina, akaambiwa ni kwa majina, basi akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Kesho yake madaktari walipendekeza upasuaji, familia ikatoka koridoni kushauriana, tukasikia sauti kutoka kitandani ikiuliza kama kuna mtu anatumwa mahali bila kuulizwa, tukarudi kwa aibu, tukapiga kura kwa majina, wanne ndiyo, watatu hapana, na wa mwisho alikuwa yeye, akataja jina lake lote kama siku ya kuajiriwa, akasema, "Hapana, na iandikwe," na kura zikawa sawa kwa sawa, na daktari akasema kwa kanuni zake yeye, hapana ya mwenye moyo inatosha. Aliaga dunia Jumapili tarehe 5 Machi 2023, saa nne asubuhi, jua likiwa kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, na hakuwa na maumivu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, ambao walikubali kusahihishwa maandishi yao ya kwenye chati, majirani wa pande zote mbili za ukuta, hasa wale waliolea mtoto siku za hospitali, wafanyakazi wa kitengo cha taarifa rasmi wa zamani na wa sasa, na kamanda wa kikosi kwa ruhusa hii ya siku tatu.

Mjukuu haogopi kidogo, anaogopa sana, na hatawaficha. Jumanne inakuja, na huenda wakasema ndiyo. Juzi nyumbani walipiga kura, mume akasema ndiyo, kwa sababu daraja lile linavukwa na watoto wanaokwenda shule, mke akasema hapana, mtoto hakupiga, na kwa kanuni za marehemu kura zikifungana watu wanapika chai na kuanza upya, na chai hiyo imepikwa mara nne mpaka sasa. Lakini Jumanne hakuna atakayeinamia meza, mmoja mmoja watasimama na kutaja majina yao, na mjukuu atakuwa kwenye jukwaa la wageni, kiti cha mbele, mtoto mapajani na daftari la bibi mkononi, ataandika kila jina, na mtoto akikua akiuliza nani alimtuma baba, atapewa ukurasa.

Sasa tunaomba wote tusimame na tunyamaze kwa dakika moja, na kimya hiki, bibi, hakuna atakayekiandika kitu kingine. Lala salama, Mama Mabano, zamu yako imekwisha.