Bi. Darlene Quintana na Kipande cha Karatasi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kukagua hoteli na baa za mji wetu hapa Kolorado, Bi. Darlene Quintana anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei. Kesho yake, Jumamosi, hoteli moja ina hafla ya wavuta bangi mia mbili, na mkaguzi ni mimi peke yangu. Nasema mapema ili msishangae mkiona sifa hizi zina wasiwasi ndani yake.

Alianza na leseni za pombe. Bangi iliporuhusiwa, wengi wetu tulijificha nyuma ya mafaili. Yeye aliomba apewe kazi hiyo. Kanuni kwamba mzigo wa bangi unaoletwa hotelini ukabidhiwe mkononi mwa aliyeuagiza, kitambulisho kikiwa wazi, wala usiachwe mapokezi, aliipigania yeye, baada ya mfuko wa peremende za bangi kukutwa kaunta, kando ya bakuli la pipi za wageni. Madereva wa mizigo hiyo walimnunia mwaka mzima. Siku hizi wanamletea biskuti za Krismasi, naye huuliza kwanza zimetiwa nini.

Kifaa chake kikuu ni karatasi ya chooni. Huchana kipande, hukishika kwenye mlango wa ukumbi wa kuvutia bangi, na kutazama kinapepea upande gani. Kikivutwa ndani, moshi utabaki ndani. Kikisukumwa nje, hakuna saini.

Mwaka jana nilimwiga, kwenye hoteli iliyokuwa na hafla kama hii ya Jumamosi. Nilipima asubuhi, karatasi ikaelekea ndani vizuri, nikasaini. Saa moja kabla ya hafla Bi. Darlene alipita, akamwomba mpishi awashe feni zote za jikoni kama siku ya kazi. Feni zikavuta hewa kutoka ukumbini, karatasi ikageuka, ikaelekea ngazini, na huko juu familia moja ilikuwa mezani ikisherehekea ubatizo wa kichanga chao.

"Wendell, umepima jiko likiwa limelala," aliniambia. "Wageni watakuja likiwa macho."

Akafunga ukumbi. Mwenye hoteli alifoka na kutaja mawakili, Bi. Darlene akaketi mlangoni akila burito yake, ile chapati ya kukunja yenye pilipili kijani, mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Kwenye ripoti jina langu hakulitaja. Wengi wenu mnaisikia habari hii leo kwa mara ya kwanza.

Nimemsihi aje Jumamosi, asimame pembeni tu. Alicheka.

"Jumamosi niko mtoni navua samaki, na huko simu haishiki."

Kisha akaniwekea mezani ile karatasi yake, imebaki nusu. Tangu hapo nimepima kila mlango wa nyumba yangu, hata wa kabati, na mke wangu ameacha kuuliza.

Asante, Bi. Darlene, kwa miaka yote hiyo, na kwa kunisitiri. Sote ofisini tunakuombea afya tele, mapumziko marefu na samaki wanene. Nenda salama. Jumamosi nitaanzia jikoni.