Polikarpo Alikwenda Kutazama Mlango Wake

Ni wangapi kati yenu mliosimama hapa mliowahi kumwita Polikarpo mvivu? Msinyooshe mikono. Mimi ni mdogo wake, na ukoo umenituma nisome maisha yake yote, pamoja na namna alivyouawa.

Marehemu Polikarpo alizaliwa Mahenge tarehe 14 Mei 1951. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akafundishwa useremala na mabruda. Mwaka 1973 alihamia Dar es Salaam na kuajiriwa katika kiwanda cha samani cha umma.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Adelina, wakajenga Mtoni. Kitanda cha arusi alikitengeneza mwenyewe, kikawa kipana kuliko mlango wa chumba. Bwana arusi alibomoa ukuta akiwa ndani ya suti.

Mwaka 1993 kiwanda kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Polikarpo akalala. Hakunyoa ndevu, chakula alikigusa tu, salamu hakuitikia. Majirani wakasema karogwa, wengine mvivu. Kuna waliomfunga kamba wakampeleka kwa mganga kule Chanika. Alirudi na alama za fimbo mgongoni na ukimya uleule.

Ndipo Adelina alipomfikisha zahanati kwa muuguzi Hamisa. Huyo hakuzungumzia mapepo. Alitamka neno moja, sonona, akasema, “Kaka, huu ni ugonjwa, na unatibika.” Pamoja na vidonge alimpa kazi: kila siku akatazame kitu kimoja kizuri alichokitengeneza kwa mikono yake, na jioni amsimulie mkewe. Akaanza kuturudia. Jioni moja alimwambia Adelina, “Kabati la jirani yetu Salumu linafungika hadi leo. Mdomo wake ndio haufungiki.” Adelina alicheka hadi akalia.

Jumatano tarehe 9 Agosti 1995, adhuhuri, alikwenda Tandika kutazama mlango wa mninga aliomchongea Mzee Mwinjuma. Mikono ilikuwa imetangulia kupona, ulimi bado. Aliingia uani bila kubisha hodi, akasimama kuupapasa mlango. Mpangaji mgeni akamuuliza yeye nani. Hakujibu. Akaulizwa tena. Hakujibu. Mjini hapa anayeingia bila hodi ni mwizi, na neno hilo likishapigiwa kelele hakuna anayelirudisha kinywani. Walimpiga kwa mawe, kwa nondo, kwa mchi wa kinu. Walimvunja vidole kimoja kimoja. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa Mzee Mwinjuma aliporudi kutoka msikitini, akapasua kundi na kupiga magoti.

“Huyu ndiye fundi wa mlango huu,” alisema. “Mmemuua kwenye kazi yake mwenyewe.”

Polikarpo alikata roho kabla gari halijapatikana.

Msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Sonona haikumuua, alikuwa anapona. Ameuawa na watu wazima wa afya, waliokuwa na haraka kubwa ya kupiga kuliko ya kumtazama mtu usoni. Mwingine kama yeye yumo nyumbani mwako sasa hivi, kajifunika shuka, na wewe unamwita mvivu.

Ameacha mjane, Adelina, watoto watatu, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake. Mungu ampe mapumziko yasiyo na kelele za watu, na amani ambayo sisi hatukumpa.

Hayo niliyasoma makaburini. Asubuhi iliyofuata mazishi, tukiwa matangani, mwanamume mmoja alikuja mbio barabarani, damu ikimtoka masikioni, redio ya watu mkononi. Alikuwa ameiba kweli. Watu waliokuwa wakinywa uji wa msiba wetu waliweka vikombe chini wakaokota mawe. Adelina aliinuka mkekani, akamvuta yule mtu hadi chini, akamlalia juu kwa kanga zake zote. Jiwe moja lilimpata begani. Hakutoka.

“Unaitwa nani, baba?” alimuuliza.

Yule mtu hakuweza kusema. Meno yalikuwa yakigongana.

Adelina akainua uso kuwatazama waliomzunguka. “Shusheni mawe,” alisema. “Tutamsubiri mpaka aweze.”